Simu Mbili, Laini Moja

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Bhanumati huwasha ubani katika chumba cha nyuma, kisha huketi na kufumba macho. Moshi hupanda polepole. Vumbi la Shinyanga huwa mbali, na miaka yake yote humpitia kama mawingu.

Asubuhi moja ya mwaka 1999, sauti ya mumewe, Pranlal, ilipenya ukutani.

"Sneha! Kompyuta bado haijaunganika?"

"Bado, Baba. Inasema hakuna mlio wa simu. Na basi langu la Chato linaondoka saa tatu!"

Bhanumati akafumbua macho, akatoka mbio mbio kabla hajamaliza sala.

Jana jioni ilifika barua pepe ya mwanawe Rushabh, aliye masomoni ng'ambo. Mkewe kajifungua binti. Kwa desturi yao, shangazi ndiye humpa mtoto jina siku ya sita, na siku hiyo ni kesho. Shangazi ni Sneha. Jina analo, na kompyuta anaijua yeye peke yake. Rushabh hana simu chumbani; barua pepe huzisoma chuoni. Jina lisipotumwa asubuhi hii, mtoto atapitwa na siku yake.

Sebuleni, Pranlal alishika bisibisi.

"Naifungua yote!"

"Ataifunga nani, Baba Rushabh?" alisema Bhanumati. "Hata redio ilikushinda. Mwite Eufrasia."

Eufrasia, jirani yao, ni fundi wa simu. Alikuja na mkoba wake.

"Mwangaluka, mayu!" alimwamkia Bhanumati kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Mwangaluka, mwanangu. Tusaidie."

"Mzee, weka bisibisi chini. Tunaanza na kilicho rahisi, kimoja kimoja. Ukigusa vitatu kwa mpigo, hutajua kibovu ni kipi."

Akatazama modemu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu. Taa inawaka, umeme upo. Akabonyeza waya. Umekaza. Kisha akauchomoa ukutani, na katika tundu lilelile akachomeka simu ya kawaida.

"Sikiliza, mayu."

Bhanumati akaweka simu sikioni. Kulikuwa kimya, kimya cha chini ya maji.

"Sisikii kitu."

"Basi kompyuta haina kosa. Shida iko kwenye laini. Kuna simu nyingine humu ndani?"

"Ipo chumba cha nyuma," alisema Pranlal, "lakini asubuhi haiguswi."

Bhanumati akahisi uso unawaka moto. Angeweza kunyamaza. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakwenda.

"Naigusa mimi," akasema. "Nikisali huondoa mkono wa simu, naulaza juu ya mto. Wachimbaji dhahabu wa Geita hupiga simu ya duka kuuliza bei ya karai, nami niko katikati ya sala!"

Pranlal akacheka hadi akakohoa. "Naitukana mashine, kumbe Mungu na wachimbaji wanagombea laini!"

"Simu mbili, laini moja, mayu," alisema Eufrasia. "Mkono mmoja ukiwa nje, laini yote imeshikwa."

Bhanumati akaurudisha mkono mahali pake. Mlio ukaja, mwembamba, mtamu. Modemu ikalia kama vyura wa mvua ya kwanza, na jina likaenda.

Siku hizi mkono wa simu hauondolewi. Ikiita wakati wa sala, Bhanumati huiacha iite mpaka ichoke.

Ijumaa Sneha alirudi, akafungua barua pepe ya kaka yake, akaisoma kwa sauti: "Tulipomwita Disha, alipiga chafya."

"Soma tena," alisema Bhanumati.