Glasi ya Uwatu

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa sare, Kavata alikuwa na kazi moja ambayo angeibadilisha na nyingine yoyote. Angekubali kusugua choo. Angekubali kubeba mitungi ya maji mpaka mabega yafe ganzi. Lakini hakuna aliyetaka kubadilishana naye, kwa hivyo alisimama jikoni, akavuta pumzi, akafunua glasi ya uwatu.

Glasi hiyo ilikaa dirishani usiku kucha, imefunikwa kwa kisahani. Jioni mbegu za uwatu zilikuwa ndogo na kavu, ngumu kama changarawe. Kufika asubuhi zilikuwa zimevimba na kulainika, zimetoa ute. Ukitia kijiko na kukiinua, ute ule ulivutika kama kamasi ya mtoto mwenye mafua, ukakataa kukatika. Harufu yake ilikuwa ya shati la mtu aliyebeba mizigo kutwa nzima, kisha likatundikwa juu ya sufuria ya mchuzi. Kavata alichuja maji yale, akayabandika jikoni pamoja na gome la mdalasini, akageuza uso pembeni kama mtu anayepita karibu na panya aliyekufa.

Mnywaji wa maji hayo alikuwa nyanya yake. Wakamba humwita nyanya Susu, na kwa kuwa Kavata alimwita jina hilo toka asubuhi hadi jioni, majirani wote wa mtaa wa Jericho nao wakalizoea. Hata wasiojua neno moja la Kikamba walimwita Susu. Baba yake Kavata, Nzau, alikuwa dereva wa lori na siku nyingi alikuwa safarini. Nyumbani walibaki wawili.

Susu alikuwa na sukari. Hivyo ndivyo watu wa mtaani wanavyosema mtu akiwa na ugonjwa wa kisukari. Alikuwa akimeza vidonge vya zahanati, lakini tangu ajikwae kwenye mtungi wa maji, kidole gumba cha mguu wake kilikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Sylvance, mhudumu wa zahanati ambaye kila mtu alimwita daktari, hakuwaficha. Aliwaambia kwamba sukari ikishuka kidonda kitafunga. Ikiendelea kukaa juu, kidole kitaoza na itabidi kikatwe. Akasema pia kwamba sukari nyeupe waiache kabisa. Kavata alilishika neno hilo, nyeupe, na ndilo lililokuja kumponza.

Habari za uwatu zililetwa na Bi Waridi, jirani wa mlango wa pili, mama wa Kipwani aliyekuwa akipika kashata na kuziuza sokoni. Viungo vyake alivinunua Eastleigh, akavipepeta mwenyewe na kuvichagua kokoto. Alimweleza Susu kwamba kwao uwatu na mdalasini viliwasaidia wazee wengi wenye sukari, ila alimtahadharisha.

"Hiki ni kitu cha jikoni, Susu, si uganga," alimwambia. "Ule kwanza, unywe, na vidonge vyako umeze vilevile. Ukiacha vidonge kwa sababu yangu, mimi na wewe tutakosana."

Susu alikubali. Kila asubuhi alikula nduma yake ya kuchemsha, akanywa glasi ile akikunja uso hadi masikio yakasogea, halafu akameza kidonge.

Shida ilianzia shuleni. Kavata alikuwa gredi ya sita, na dawati lake lilikuwa moja na la Shiku, msichana mwenye pua kali na mdomo mkali kuliko pua. Asubuhi moja Shiku alinusa hewa, akanusa dawati, kisha akanusa mkono wa Kavata.

"Nani amekuja na pilau ya juzi?" aliuliza, na darasa zima likasikia.

Toka siku hiyo Kavata hakuwa Kavata tena. Alikuwa Pilau. Akiingia getini aliitwa, "Niaje, Pilau?" Akipita karibu na wavulana waliziba pua, mmoja akajifanya anatapika ndani ya mfuko wake. Jioni alisugua mikono kwa sabuni ya kufulia, kisha kwa limau, kisha kwa mchanga, lakini harufu ilikuwa imejificha chini ya kucha. Alijiona mwenyewe kama kitambaa cha kupangusia vyombo.

Kesho yake alifunua glasi, akautazama ute ule, akahisi mate ya kichefuchefu yakimjaa mdomoni. Akafungua mlango wa nyuma na kuimwaga glasi yote kando ya mtaro wa maji machafu.

Lakini Susu alikuwa anangoja kinywaji chake. Kavata alichemsha gome la mdalasini peke yake, na maji yakatoka mepesi na ya rangi ya chai, hayafanani na yale ya kila siku. Hapo akakumbuka sukari nguru. Bi Waridi alipikia kashata zake sukari nguru, yale mabonge ya kahawia yanayotokana na maji ya miwa, na mara kwa mara alimpa Kavata kipande cha kumung'unya. Kimoja kilikuwa kimebaki ndani ya karatasi. Kavata alikitumbukiza kwenye sufuria. Maji yakawa mazito kidogo na meusi kidogo, yakapendeza macho. Moyoni alijitetea kwamba daktari alikataza sukari nyeupe, na hii ilikuwa ya kahawia.

Susu alikunywa. Safari hii hakukunja uso. Alishusha glasi, akamtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akasema leo amepika vizuri.

Basi ikawa ndiyo desturi. Uwatu uliingia mtaroni, sukari nguru ikaingia sufuriani, na kila bonge lilipoisha Kavata alikwenda kwa Bi Waridi na kuomba jingine, eti la kwake. Bi Waridi alimpa bila kuuliza. Mtoto na kitu kitamu ni marafiki. Shuleni harufu ilipungua, na jina la Pilau likaanza kusahaulika. Kavata angefurahi, kama si kile kidonda.

Kidonda kilikuwa kimebadilika. Kila alipomsaidia Susu kubadilisha kitambaa, harufu ilimfikia kabla ya kitambaa kufunguka. Haikuwa harufu ya jikoni tena, ilikuwa ya nyama iliyosahauliwa juani. Kingo za kidonda ziligeuka kijivu, na katikati mlikuwa na ute wa njano. Kavata alipovuta kitambaa, ute ule ulivutika nacho, ukakataa kukatika. Alikuwa ameuona ute kama huo kwenye glasi. Alikimbilia mlango wa nyuma ili atapike.

Hapo, kando ya mtaro, aliona kitu kilichomkausha mate. Pale alipokuwa akimwaga glasi palikuwa pameota majani. Vichipukizi vya kijani, laini, vimesongamana katikati ya maganda ya viazi na povu la sabuni, vikinyonya maji machafu. Uwatu wote aliomnyima Susu ulikuwa umesimama pale ukimtazama. Aliukanyaga kwa kandambili, akaukanyaga tena, na harufu ile ile ya pilau ikapanda ikamjaa puani.

Siku ya zahanati ilipofika, Susu alitembea kwa kuegemea bega la Kavata. Sylvance alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha sukari, akakitazama na kukitazama tena. Sukari ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza. Alifungua kitambaa cha mguuni, na hata yeye aliyezoea vidonda akasogeza uso nyuma kidogo. Alimuuliza Susu anakula nini na kunywa nini. Susu alimwambia kila kitu: nduma, mboga, vidonge, uwatu na mdalasini wa asubuhi.

Sylvance alisema kama ni hivyo, basi vidonge vimeshindwa, na itabidi Susu aanze sindano za kushusha sukari. Akashika kalamu. Kisha akaiweka chini.

"Lakini nataka niwe na uhakika, Susu," alisema. "Nikikupa dawa kali na mwili hauihitaji, sukari itaanguka ghafla. Utazimia, na ukiwa peke yako unaweza usiamke. Kuna kitu kingine chochote kinachoingia mdomoni?"

"Hakuna," Susu alijibu. "Mjukuu wangu ndiye anayenipikia, na huyu hawezi kunidanganya."

Kavata alihisi kinyaa ambacho hakuwa amewahi kukihisi. Hakikutoka kwenye glasi wala kwenye kidonda. Kilitoka ndani yake mwenyewe, kikapanda kifuani, na safari hii hapakuwa na mlango wa nyuma wa kukimbilia.

"Sikumpa uwatu," alisema, akitazama sakafu. "Niliumwaga. Nilimpa sukari nguru. Lakini si nyeupe, daktari."

Sylvance hakumkemea. Aliuliza ni kiasi gani, na tangu lini, naye Kavata akaeleza yote, akalia katikati, akaendelea kueleza. Sylvance alishusha pumzi ndefu na kukubali kwamba yeye pia alikosea kusema nyeupe tu. Akawaeleza kwamba sukari nguru ni sukari ile ile iliyovaa nguo nyingine, na mwili hauangalii rangi. Kuhusu uwatu na mdalasini, alisema kwa baadhi ya watu vinaweza kusaidia kidogo, mdalasini kwa kipande kidogo tu, lakini haviponyi kisukari. Kazi kubwa ni ya vidonge na chakula. Tena mgonjwa anayevitumia sharti amwambie mhudumu wake, kwa sababu vikichanganyika na dawa sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Sindano aliiahirisha kwanza. Alisafisha kidonda, akaandika dawa ya usaha, akasema mgonjwa apimwe tena upesi, na kidonda kioshwe na kufungwa upya kila siku.

Walirudi nyumbani polepole. Kavata alingoja kugombezwa, lakini Susu aliegemea bega lake vilevile mpaka walipofika mlangoni. Bi Waridi alikuwa nje akifua, na alipoelezwa mahali zilikokwenda sukari nguru zake, aliketi juu ya ndoo akashika kichwa.

Susu alijiketisha kwenye kiti, akaweka mguu juu ya stuli.

"Kavata, mwanangu, ulimi wangu si wa mbao," alisema. "Uwatu ni mchungu. Siku ile uliponiletea kitu kitamu nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilikipenda. Wewe ulinidanganya, nami nikakubali kudanganywa. Tulikuwa wawili tunaoozesha kidole kimoja."

Kavata alimwomba msamaha, kisha akamweleza habari za Shiku na jina la Pilau. Bi Waridi alicheka kidogo, akamwonyesha namna ya kufunga mbegu ndani ya kitambaa kabla ya kuziloweka ili mikono isiguse ute. Jambo dogo hivyo. Angeuliza tu, angeambiwa.

Ilichukua muda. Kavata alirudia kazi yake ya asubuhi, na haikuwa nzuri zaidi kuliko zamani. Ute ulikuwa ute, na harufu ilikuwa ile ile. Kila siku aliosha kidonda, akibana meno. Kipimo kilianza kushuka kidogo kidogo. Ute wa njano ukakauka, nyama nyekundu ikaonekana, kisha ngozi ikaanza kuzunguka kutoka pembeni. Sylvance alipokitazama tena, hakutaja habari ya kukata. Aliwakumbusha tu vidonge.

Shuleni Shiku alinusa hewa akamgeukia.

"Pilau amerudi," alisema.

"Ni dawa ya susu yangu," Kavata alimjibu. "Alikuwa akatwe kidole, sasa hakatwi. Ukitaka kunusa vizuri, mkono ni huu."

Shiku aliutazama mkono ule, akafungua kitabu chake.

Jioni Kavata alimhadithia Susu, na Susu akatabasamu.

"Kuona kinyaa si kosa," alimwambia. "Hata mimi naona. Kinyaa cha uwatu unanawa mikono kinaisha. Cha uongo hakinawiki. Kinaisha siku utakaposema kweli, na ukichelewa kusema, mwingine ndiye anayeoza. Kitu kikikushinda, niambie, 'Kimenishinda.' Usinipikie utamu."

Asubuhi iliyofuata Susu alikula nduma yake, akanywa glasi ile, akakunja uso hadi masikio yakasogea. Kisha akamnyooshea Kavata glasi yenye funda lililobaki chini. Kavata alilitazama, akalinusa. Akalionja. Lilikuwa chungu hadi kwenye mizizi ya meno. Kavata alimtazama nyanya yake, akakunja uso kama yeye, akameza.