Pipa la Maji ya Gari

Asubuhi nyumbani kwa Rhobi, kijijini Bugwema, ilikuwa na mpangilio wake. Rhobi aliwasha moto na kuteleka maji ya uji. Mwanawe Gabriel alikwenda na ndoo kwenye pampu ya kisima kirefu. Nusu ya ndoo iliingia jikoni kwa mama yake. Nusu nyingine iliingia kwenye rejeta ya lori.

"Jana nilijaza, leo yamepungua tena," Gabriel alizoea kusema.

"Mpe anywe," Rhobi alijibu. "Mzee huyo."

Kweli lori lilikuwa mzee. Alilinunua marehemu mumewe, Mwikwabe, enzi zile pamba ilipokuwa pamba. Alibeba pamba ya Bugwema kwenda kiwandani Bunda. Siku nyingine alibeba dagaa kutoka Mwigobero, sokoni kule Musoma mjini. Rhobi alikaa mbele, pembeni yake, kitambaa kipya kichwani. Kebini ya lori ilinuka dagaa na dizeli. Mpaka leo, harufu hiyo ikimpitia puani, Rhobi anatabasamu, kisha anafuta machozi.

Gabriel mwenyewe alizaliwa ndani ya lori hilo, njiani karibu na Butiama, hospitali ikiwa bado mbali. Watu walimtania hadi akaota ndevu. Walimuuliza kama baba yake anatumia dizeli au ugali.

Sasa Mwikwabe alikuwa amefariki, mwaka wa tatu huu. Na lori lilikuwa linaumwa.

Mara ya kwanza lilichemsha likiwa na mzigo. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kifuniko cha injini, ikaungua. Fundi akaweka mpya. Ng'ombe mmoja akaondoka. Miezi minne haikuisha, gasketi ikaungua tena. Fundi mwingine akaweka nyingine. Ng'ombe wa pili akaondoka. Mara ya tatu ilikuwa karibu na Bunda, lori limejaa pamba. Mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye nyekundu. Gabriel alijiambia, "Nifike tu." Hakufika. Injini ilinoki, ikakwama kabisa barabarani, na lori likarudi nyumbani likiwa limevutwa.

Burito, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuja siku mbili baadaye. Alilizunguka lori na kuligonga gonga kwa fimbo.

"Jumamosi nakuja na minyororo," alisema. "Nitalikata vipande. Halina maisha hili."

Gabriel aliinamisha kichwa. "Basi. Jumamosi."

Rhobi hakuona chuma chakavu pale. Aliona kiti alichokalia miaka ishirini.

"Nani kasema limekufa?" aliuliza. "Na kama limekufa, nataka kujua kilichoua. Siziki kitu bila kujua. Mwiteni fundi."

Alhamisi alikuja fundi Mihayo kutoka Nyasura, kule Bunda. Alikuja kwa bodaboda, sanduku la spana magotini. Alikuwa mtu mpole, asiye na haraka. Alikunywa uji kwanza, akasifu uji, ndipo akavaa ovaroli.

"Mafundi waliotangulia walisema nini?" alimuuliza Gabriel.

"Gasketi imeungua."

"Na kwa nini iliungua?"

Hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Gasketi ni maiti," Mihayo alisema. "Mmezika maiti mbili. Muuaji bado yumo humu ndani."

Walifungua injini mchana kutwa. Mihayo alizitoa pistoni zote nne, akazipanga juu ya gunia. Alimwita Rhobi naye aje aone.

"Mama, angalia hizi. Zote zimechunika, tena pande zote. Kama nozeli moja ya kupuliza dizeli ingekuwa mbovu, ingeungua pistoni moja, hapa juu. Kama oili ingekuwa imekwisha, vyuma vya chini vingelika. Nimevitazama, ni vizima. Kwa hiyo joto lilipanda injini nzima. Tatizo liko kwenye kupoza."

"Anapozwa na maji," Gabriel alisema. "Na maji siachi kuweka hata siku moja, fundi."

"Nakuamini. Twende taratibu."

Mihayo alikagua belti ya feni. Ilikuwa imekaza vizuri. Alitazama rejeta kwa nje. Haikuwa na tope wala majani. Alitoa wota pampu, ile inayosukuma maji. Mapanga yake yalikuwa mazima. Kila kitu alichokagua alikiweka pembeni na kusema, "Huyu hana kosa." Kisha alishika kidude kidogo cha duara.

"Hii ni thamostati," alisema. "Ni mlango mdogo. Injini ikiwa baridi, unafungwa. Ikipata moto, unafunguka ili maji yaende kwenye rejeta. Ukigoma kufunguka, gari linachemsha. Mama, niazime sufuria na moto wako."

Rhobi alileta sufuria yake ya kuchemshia maji. Mihayo aliifunga thamostati kwa uzi, akaining'iniza ndani ya maji jikoni. Wote watatu waliinama kutazama. Maji yalipokaribia kuchemka, mlango ule ulifunguka polepole.

"Huyu naye hana kosa," Mihayo alisema.

Alimwaga maji. Lakini hakuirudisha sufuria. Aliishika, akaitazama ndani kwa muda.

"Mama, hii nyeupe ni nini?"

Rhobi aliona aibu. "Ni ukoko wa maji tu, fundi. Nasuguaga na mchanga mpaka mikono inachoka. Maji ya pampu ndiyo yanafanyaga hivyo."

Mihayo alichukua bisibisi. Aliingiza kwenye njia ya maji ya injini, akakwangua. Vilitoka vipande vyeupe, vigumu. Kisha akaikwangua na sufuria pia. Aliviweka vyote kwenye kiganja kimoja, akawaonyesha. Vilifanana kabisa.

"Huyu hapa," alisema.

Gabriel alikaa chini. "Lakini maji ya pampu ndiyo safi kuliko yote. Ndiyo tunayokunywa sisi."

"Kwa kunywa hayana neno. Lakini yametoka chini kwenye miamba, yamebeba chumvi za mawe. Yakipata moto, chumvi inaganda kwenye chuma. Ukoko ukiwa mnene, unakuwa blanketi. Rejeta imejaa maji, lakini joto halitoki. Umeivalisha injini blanketi juani."

"Na mbona yanapungua kila siku?"

Mihayo alimwonyesha mpira wa rejeta. Ulikuwa na ufa mdogo karibu na kibanio. "Yanavujia hapa. Kila asubuhi ukaongeza maji, ukaongeza na chumvi. Ungeuliza yanakwenda wapi, ungeuona."

Kisha aligeuka kwa Rhobi. "Ukoko huu ni wa miaka miwili, mitatu. Siyo wa ishirini. Marehemu alikuwa anaweka maji gani?"

Rhobi alitazama nyuma ya nyumba. Lilikuwepo pipa limepinduliwa, kuku wamelala juu yake.

"Ya mvua," alisema. "Lile pipa lilikuwaga chini ya bati, na mfereji wake. Akiyatia kwenye rejeta, alichanganya na dawa ya kijani kutoka kwenye galoni. Hakuna aliyeruhusiwa kuchota. Mimi natoka lamboni na ndoo kichwani, nikitaka kikombe kimoja tu, anasema, 'Weka kikombe. Hayo ni maji ya gari.' Nilikuwaga nasema analipenda hilo pipa kuliko mimi."

Sauti yake ilikatika. "Alinielezaga kwa nini. Sikumsikiliza. Alipokufa, kila nikiliona pipa nalia. Nikang'oa mfereji, nikalipindua. Kisima kilikuwa kimechimbwa, nikaona halina kazi tena. Ni mimi, Gabriel."

"Mimi ndiye niliyejaza, mama," Gabriel alisema.

Rhobi alilia pale pale mbele ya fundi, na hakujificha. Mihayo alizifuta spana zake moja moja mpaka alipomaliza.

Jumamosi Burito alifika na minyororo. Alimkuta Gabriel anaviringisha pipa kulirudisha chini ya bati, na Rhobi amekanyaga ngazi, nyundo mkononi.

"Rudi kwenu na minyororo yako," Rhobi alimwambia kutoka juu. "Ila chai ipo."

Kazi haikuwa ndogo. Rejeta ilifunguliwa na kuzibuliwa. Ukoko ulitolewa kwenye njia zote za maji kwa dawa maalumu. Pistoni mpya ziliwekwa, gasketi mpya, na mpira mpya wa rejeta. Fahali wa mwisho aliondoka. Safari hii Rhobi hakunung'unika, maana alijua anatibu ugonjwa wenyewe.

Siku ya kukabidhi, Mihayo alimsimamisha Gabriel mbele ya lori.

"Kwa sasa nimejaza maji ya dukani yasiyo na chumvi, na dawa yake. Ukianza kukinga, maji ya mvua peke yake yataleta kutu. Changanya nusu kwa nusu na kulanti, ile dawa ya kijani ya baba yako. Iweke mbali na watoto na mbuzi, ni sumu. Mvua ikianza, acha maji ya kwanza yaoshe bati, ndipo ukinge. Mshale ukipanda, simama hapo hapo, zima injini. Usifungue rejeta ikiwa ya moto, itakuunguza uso. Na maji yakipungua, usijaze tu. Tafuta yanakokwenda."

Msimu mzima wa pamba ulipita. Lori lilikwenda Bunda, likaenda Musoma, likapanda milima ya Butiama na mzigo wake. Mshale ulikaa katikati. Siku ya dagaa Rhobi alipanda mbele, kitambaa kichwani. Walipopita mahali alipozaliwa, Gabriel alipiga honi bila kuambiwa. Baba yake alikuwa akifanya hivyo kila safari.

Jioni moja mvua ilinyesha. Rhobi alikaa mlangoni, akasikiliza maji yakiingia pipani. Ilikuwa miaka mitatu hajaisikia sauti hiyo. Gabriel alitoka ndani ana kiu. Pampu ilikuwa mbali na mvua haijakatika. Akachukua kikombe, akainama juu ya pipa.

"Weka kikombe," Rhobi alisema. "Hayo ni maji ya gari."