Mkono wa Kulia wa Generosa

Nyanya zilimwagika katikati ya soko la Geita, zikabingirika hadi chini ya meza ya muuza dagaa. Generosa alizitazama tu. Mkono wa kulia ulikuwa umeliachia karai bila yeye kujua.

Kijana mmoja, shati la bluu limenyooshwa vizuri, aliinama akaanza kuokota.

"Wabeja," Generosa alishukuru kwa Kisukuma, kwa haya.

"Usijali, dada. Mkono umefanyaje?"

"Upepo uling'oa bati, likanikata hapa kwenye kifundo. Daktari ameunga neva, ila vidole vitatu havisikii hata moto."

Kijana huyo alikuwa Herman, mwalimu wa baiolojia. Generosa alikuwa fundi wa kushona ovaroli za wachimbaji. Tangu Oktoba cherehani yake ilikuwa imefunikwa kitenge. Mwezi haukuisha, simu kati yao zikawa hazikauki.

"Umeamkaje, fundi wangu?"

"Mimi nimeamka. Mkono bado umelala."

"Neva huota upya, mpenzi. Ncha yake hutambaa, na chembe za njiani zina molekuli zinazonata. Inazishikilia hizo, milimita moja kwa siku. Pasaka utashika sindano."

"Kumbe nina gundi mwilini?"

"Unayo. Si unaona nilivyonata?"

Alicheka mpaka jirani akachungulia.

Pasaka ikaja, ikapita. Sindano iliendelea kumponyoka. Kliniki, daktari alishangaa: "Mwenzako hakukwambia? Januari ulipomtuma achukue majibu yako, nilimweleza. Neva ilichelewa kuungwa. Matumaini ni madogo."

Generosa alipiga simu akiwa bado getini. "Ulijua, Herman?"

"Nilijua. Niliogopa utakata tamaa, uache mazoezi."

"Miezi mitatu unanihesabia milimita! Mimi si mwanafunzi wako."

Alikata simu, akarudi kwa mama yake, kijijini Samuye. Herman alipiga, hakupokea. Lakini mazoezi hakuacha. Kila asubuhi alisugua vidole kwenye maharage, akisukumwa na hasira tu.

Siku moja mwezi Juni, akipepeta mahindi, alihisi kama siafu wanamng'ata vidoleni. Alilia peke yake uani. Habari ile alitaka kumpa mtu mmoja tu, na alijichukia kwa hilo. Akapiga.

Kesho yake Herman alifika, vumbi hadi kwenye kope. Alimsalimia mama, akaketi barazani.

"Nisamehe, Gene."

"Gusa kidole kimoja kwanza."

Generosa alifumba macho.

"Nimegusa kipi?"

"Cha shahada!"

Herman alivuta pumzi. "Hapana. Ni cha kati. Neva imeshika njia isiyo yake. Huenda ubongo ukazoea, huenda usizoee. Kushona kama zamani, sidhani."

Maneno yalimchoma. Hata hivyo, hakuwa amefichwa kitu.

"Nilikuja na ombi la ndoa," Herman alisema chini chini. "Naona si siku yake."

"Si siku yake. Sijui hata nitaishi kwa kazi gani."

Herman akataka kuuachia mkono.

"Nimekwambia uache?" Generosa alifumba macho tena. "Gusa kingine. Halafu uniambie ukweli."