Sauti Isiyofutika Kwenye Albamu

"Cheza wimbo wa nne," nilimwambia fundi mitambo.

Fundi akamtazama mchumba wangu, kisha akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi.

"Nimesema cheza. Au masikio umeyaacha nyumbani?"

Nilikuwa nimeingia studio bila taarifa. Albamu ilikuwa yetu watatu. Mimi naimba nyimbo za asili, mchumba wangu anaimba pop na anapenda kuitwa Staa, na kinanda cha jazi kinapigwa na mama mmoja wa miaka sitini na mbili ambaye wanamuziki wote tunamwita Shangazi. Wimbo wa nne niliutunga wiki niliyomzika baba yangu. Ndio pekee niliokuwa nikiulilia nyumbani kabla ya kuuimba.

Kinanda kikaanza, kikafuatiwa na ngoma. Kisha, mahali pangu, akaimba binti nisiyemjua, sauti laini kama povu la sabuni.

"Huyu nani?"

"Baby, usipaniki," alisema Staa. "Ni chipukizi."

"Nimeuliza nani. Sijauliza amechipua lini."

"Sikiliza, sauti yako nzuri, lakini ni nzito. Ina ukijijini fulani. Soko linataka ulaini. Jina lako litabaki kwa watunzi. Halafu si tunaoana? Changu ni chako."

"Na baba yangu aliyezikwa ni wa nani? Naye wa soko?"

Kabla hajajibu wimbo ukafika mwisho, na siku ya kurekodi maiki ilikuwa imeachwa wazi. Yule binti akacheka humo ndani ya spika, akasema:

"Mume wangu, nimeimba vizuri? Basi njoo unipe zawadi yangu hapa."

Kikafuata kicheko cha mwanaume. Nakijua kicheko hicho, nimeishi nacho miaka mitatu.

Fundi akainama kutafuta kitu chini ya meza. Hakikuwepo.

Nilitegemea Staa aone haya. Badala yake akarekebisha kola.

"Sawa, umejua. Sasa usilete drama. Albamu inatoka mwezi ujao bila wewe. Nimekufuta."

"Umenifuta?"

"Nyimbo zote tisa."

Ndipo fundi akakohoa.

"Bro, hajafutika."

"Unasemaje?"

"Shangazi hataki kuvaa hedifoni. Anataka amwone mwimbaji mdomo ndipo ajue wapi avute pumzi. Kwa hiyo walirekodi pamoja, huyu dada kasimama pembeni ya kinanda. Sauti yake imeingia kwenye maiki za kinanda. Sikiliza."

Akazima kila kitu, akaacha kinanda peke yake. Nikasikia sauti yangu kwa mbali, kama mtu anayeimba chumba cha pili, lakini ni mimi, neno kwa neno.

"Sasa itoe!" Staa akafoka.

"Haitoki. Labda kinanda kirekodiwe upya."

"Basi Shangazi atapiga tena."

"Nitapiga nini?" Shangazi alikuwa mlangoni, mkoba begani. "Labda kofi. Hilo nakupigia hata sasa hivi."

Akavuta kiti, akakaa.

"Fundi, na huyu bwana mkubwa alirekodia wapi?"

"Kile chumba cha kioo, peke yake. Alisema mkiwa karibu mnamharibia mudi."

"Mzime."

"Shangazi, huwezi!" Staa akaruka.

"Tuko watatu, mwanangu, na wawili wanatosha kuamua." Akanigeukia. "Binti yangu, unasemaje?"

"Azimwe."

Fundi akarudisha sauti zote, kisha akabonyeza kuizima ya Staa. Wimbo ukaendelea vilevile, hakukuwa na pengo wala mkwaruzo. Fundi mwenyewe akashangaa, akaangalia kama kweli amebonyeza.

Staa akageuka mpole ghafla.

"Mpenzi wangu, tuzungumze kama watu wazima. Yule binti ni utoto tu. Wageni wa harusi yetu wameshaalikwa!"

"Basi wapokelewe na yeye. Si mume wake wewe?"

"Utaniaibisha mbele za watu?"

"Hiyo kazi umeshaimaliza mwenyewe, tena kwa maiki ya studio."

Akatoka, akabamiza mlango. Shangazi akaniuliza kama nitalia. Nikamwambia bado, kwanza turudishe wimbo wa nne kwangu. Tuliurekodi mchana ule ule. Nililia kwenye ubeti wa pili, na Shangazi akanisubiri kwa vidole vyake kwenye kinanda mpaka nikaweza.

Albamu ilitoka na majina mawili. Siku ya tatu simu ikalia, ujumbe kutoka kwa Staa:

"Nimeisikiliza yote mara mbili. Kweli hukuniachia hata sekunde moja?"

Nikamwandikia:

"Ulikuwepo? Mbona hakuna msikilizaji aliyekuulizia."