Kitenge Alicholeta Loisi

Jumamosi ya kumuaga Ikupa, binti wa mama yangu mdogo, ilianza vizuri tu. Mjini kwetu Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, kulikuwa na jua, na akina mama walikuwa wakipika nyuma ya ukumbi. Bwana harusi, Danford, alikaa meza ya mbele akichekacheka. Simpendi, na siku ile sikumpenda pia. Aliwahi kuishi na Marita, mwanamke wa Nakonde, upande wa Zambia, aliyegombana na ndugu zake wote ili avuke mpaka kumfuata. Dawa za Marita ndizo zilizoinua duka la Danford. Duka liliposhamiri, Danford akamwita mchawi, akamfukuza na kubaki na watoto wao wawili. Asante ya punda ni mateke.

Kwetu, saa ya zawadi, bibi harusi hufungwa kila kitenge kinacholetwa, kimoja juu ya kingine. Hakivuliwi hata kimoja mpaka watu wote wamalize. Kuvua mapema ni kumtukana aliyetoa.

Walitangulia watoto wa Danford, Loisi na mdogo wake Rabson. Loisi alibeba kitenge cheusi.

"Kimetoka kwa bamayo," alisema. "Mama amesema amesamehe."

Vigelegele vikapigwa. Shangazi Tumpe akamfunga Ikupa kile cheusi, kisha vikafuata vya kanisani, vya majirani na vya ukoo mzima. Ikupa akanenepa kama gunia la kahawa, tukamcheka naye akacheka.

Halafu akaacha kucheka.

"Shangazi," alinong'ona, "cha ndani kinaniunguza."

"Vumilia, mwanangu. Watoto waliokileta wanaangalia."

Nilikuwa nyuma yao. Nilisikia harufu ya nyama inayoungua. Moshi haukuwepo.

"Shangazi, nakufa."

Ndipo tukaanza kufungua, fundo baada ya fundo. Vya juu vilikuwa baridi. Vya katikati navyo vilikuwa baridi. Nilivuta kwa meno huku nikilia. Ikupa alikuwa amenyamaza.

Tulipofika mwisho, kitenge cheusi hakikuwepo. Palikuwa na ngozi yake tu, imeungua kutoka kifuani hadi magotini. Ikupa wetu alikuwa amekufa.

Danford akageuka kuwatafuta watoto wake. Viti vyao vilikuwa vitupu. Mlangoni walijaa watu, na hakuna aliyewaona wakipita.

Juu ya bati tukasikia hatua. Za mtu mzima. Kisha nyingine, ndogo ndogo, zikimfuata.

Vijana walipanda kwa ngazi. Hawakukuta mtu. Walikuta nyayo kwenye vumbi, za mwanamke na za watoto wawili. Zilipanda hadi kileleni mwa paa, zikaishia hapo.

Masika mawili yamepita na nyayo zile hazijafutika. Danford hupanda kuwaita wanawe, nami simwonei huruma. Ila juzi alishuka mbio, nikapanda kuangalia mwenyewe.

Nyayo za watoto zimekuwa kubwa.