Saa Nane ya Lydia

Kila siku akitoka shule, Lydia alipitia kwanza dukani kwa Nyanya Champa, huko Tooting, London, kabla ya kupanda ngazi kwenda kwao ghorofani. Mama yake, Margaret, alikuwa muuguzi kutoka Kenya na mara nyingi alirudi jioni. Basi Lydia aliketi nyuma ya kaunta akila bhajia na kufanya kazi za shule, huku Nyanya Champa akipima vitambaa na kubishana na wateja kwa lugha tatu.

Nyanya Champa alikuwa Mhindi wa Nakuru. Alizaliwa huko, akasoma huko, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Kiingereza cha vitabu ndicho kilichompiga chenga. Mwaka huo wa 1998 alikuwa anakwenda Kalkuta kwenye harusi ya mpwa wake, na katika safari hiyo alipata siku mbili tu za kufika Jamshedpur, mji wa viwanda vya chuma alikohamia kaka yake. Hawakuwa wameonana kwa miaka thelathini.

"Lydia, mjukuu wangu, wewe ni mtu wa vitabu," alisema. "Nenda maktaba unipangie hizo siku mbili. Treni saa ngapi, nitazame nini. Niandikie kwa Kiswahili nisome mwenyewe."

Lydia alijituma kweli. Jumamosi mbili nzima alikaa maktaba akipekua vitabu vya watalii, kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Saa nane, treni kutoka Kalkuta. Saa kumi na mbili, kufika. Saa mbili, bustani kubwa yenye chemchemi. Kesho yake saa nne, ziwa lililo chini ya vilima. Nyanya Champa aliibandika karatasi ukutani, na hakuna mteja aliyetoka dukani bila kuonyeshwa.

Jumanne, siku tano kabla ya safari, Nyanya Champa aliisoma tena huku akitabasamu.

"Umenipangia vizuri. Ninakula kwanza, halafu napanda treni saa nane. Jua likizama nimefika, na saa mbili usiku niko bustanini. Kaka aliniandikia kwamba zile chemchemi huwashwa taa za rangi usiku. Wewe ulijuaje?"

Lydia aliacha kutafuna. "Saa nane ni... after lunch?"

"Sasa ulitaka nipande saa nane ya usiku, mimi na wezi?" Nyanya Champa akacheka mpaka akafuta machozi.

Lydia hakucheka. Yeye alizaliwa London. Mama yake alimsemesha Kiswahili, lakini saa alizitaja kwa Kiingereza: "Be home by six, na usisahau ufunguo." Kwa hiyo Lydia aliamini kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye nane, basi ni saa nane. Treni aliyoiona kitabuni iliondoka mshale ukiwa kwenye nane, asubuhi. Nyanya Champa angefika stesheni mchana, akute imekwenda zamani. Siku moja kati ya mbili ingepotea hivihivi.

Alifungua kinywa aseme, lakini mteja akaingia, na Nyanya Champa akamwelekeza ukutani. "Mtoto wa miaka kumi na miwili ameandika hii. Soma." Lydia aliona haya kuharibu sifa zile. Akajiambia atasema kesho.

Kesho ikazaa kesho. Jumatano alipita dukani mbio, akisingizia tumbo. Alhamisi mama yake alimsifu kwa simu kwa shangazi aliyeko Nairobi, na kila neno la sifa lilimchoma. Ijumaa alikataa bhajia. Roho ilimsuta kila alipoiona karatasi ile, na bado alinyamaza.

Jumamosi alimkuta Nyanya Champa akifunga sanduku, mama yake akimsaidia kulikalia ili lifungike.

"Kaka amepiga simu," Nyanya Champa alisema. "Miguu yake haina nguvu siku hizi, lakini ameapa atanisubiri mwenyewe pale stesheni, na mkongojo wake, saa kumi na mbili jioni."

Lydia akamwona mzee yule akilini, amesimama, watu wote wameshuka na dada yake hayumo. Machozi yakamtoka.

"Nyanya, usiende saa nane. Treni ni eight in the morning. Saa nane yangu ni saa mbili yenu. Nilikosea. Na nimejua tangu Jumanne."

Nyanya Champa alikwenda kwenye simu, akazungumza Kigujarati kwa muda mrefu, akaweka mkono wa simu chini polepole.

"Atanisubiri saa sita mchana," alisema. Kisha akaibandua karatasi ukutani, akampa Lydia kalamu. "Andika upya. Saa zote."

Lydia aliandika, mama yake akimwonyesha: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja inafuata, ndipo saa mbili. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza, Nyanya Champa alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akaikunja karatasi na kuitia mkobani.

"Nisamehe, Nyanya," Lydia alisema.

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Kutojua saa si dhambi yako peke yako, maana mimi na mama yako hatukukufundisha. Hilo tutagawana watatu. Jumanne ulipojua ukanyamaza, hapo hatugawani. Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni zako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kwa sababu kosa ukilificha wewe, anayeachwa stesheni ni mwingine."