Glavu za Makhanu

Penalti ya kwanza ilipopaa juu ya goli, watu wa Mau Narok walicheka. Kipkemei kukosa? Huyo aliyekuwa akifunga hata kwa goti! Ya pili ilipotoka nje walinung'unika. Ya tatu wakanyamaza, na kimya cha mashabiki ni kibaya kuliko matusi.

"Shida iko kwa kichwa," kocha Gedion alimwambia. "Jumamosi watu wa timu kubwa ya Nakuru wanakuja kukuona. Ukikosa tena, utarudi kuchimba waru, hivyo viazi vyenu, boss."

Kipkemei aliitikia tu. Angemwambiaje kwamba kila akiuweka mpira chini husikia makofi mawili ya glavu, pa-pa, kutoka golini, na kipa aliyesimama pale hajapiga makofi? Kwamba ukungu ukishuka mchana huja na harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile ya kafuri aliyokuwa akijipaka Makhanu, kipa wao wa zamani aliyezoea kupiga makofi hayo kabla ya kila penalti, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyekufa alipolaliwa na trekta shambani?

Na kweli alimzika. Alisindikiza jeneza mpaka Bungoma. Lakini siku ya kugawa vitu vya marehemu, jamaa walipovitoa vyote uani ili kila kimoja kipate mwenyewe mbele ya wazee, glavu zake za golini hazikuwapo. Kipkemei alikuwa amezichukua na kuzificha Mau Narok, chini ya godoro lake. Alitaka ukumbusho. Mapenzi ni mapenzi, lakini wizi ni wizi, na wa kumwibia maiti ndio mbaya zaidi.

Ijumaa alimwendea Namalwa, mama yake Makhanu, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la ngano, akamkabidhi kifurushi cha gazeti.

Mama alikipapasa bila kukifungua. "Kwetu kitu cha marehemu hakilali kwa mtu kabla wazee hawajasema," alinong'ona. "Marehemu mwenyewe hukifuata. Umeleta zote, kijana yangu?"

"Zote, mathe."

Uongo. Ya kushoto ilibaki chini ya godoro. Roho yake ilikataa kubaki bila chochote cha Makhanu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi, mechi ikielekea mwisho, wakapata penalti. Kipkemei aliuweka mpira. Hakusikia makofi. Hakunusa kafuri. Machozi ya furaha yalimlenga, akarudi nyuma, akavuta pumzi, akaanza kukimbia, na ukungu ukashuka nyuma ya wavu, na ile harufu ikampanda puani kali kuliko siku zote, na mguu ulipokuwa hewani akasikia kofi moja tu, la mkono mmoja, likipigwa kwenye mlingoti wa goli, paa! na mpira ukaenda pale pale, ukagonga chuma, ukarudi miguuni pake.

Wageni wa Nakuru waliingia kwenye gari lao bila kuaga.

Kipkemei alikimbia nyumbani akiwa bado na viatu vya mpira. Ataipeleka sasa hivi, apige magoti kwa Mama Makhanu, aseme ukweli. Aliinua godoro. Glavu ilikuwa pale, imelowa, tope la uwanjani limejaa kiganjani.

"Nisamehe, ndugu yangu," alinong'ona. "Nakurudishia."

Akaishika. Ilikuwa na joto. Akaivuta, na vidole vilivyokuwa ndani yake vikajikunja polepole, vikamshika mkono, na havikuachia.